Ndege Waliochakaa wa Shemeji Yangu

Mjini kwetu ni vigumu kumpata mtu mzima ambaye hajawahi kuambiwa na shemeji yangu ainue kidevu. Kwa miaka thelathini na minane aliendesha studio ya picha mkabala na posta: chumba kimoja, pazia la buluu, stuli ya kuzunguka, kioo cha ukutani, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisiondoke na mteja. Vitambulisho, pasipoti, leseni za udereva, mahafali, vyote vilipita mikononi mwake. "Kidevu juu kidogo," alikuwa akisema, "mabega chini, usicheke, serikali haipendi." Ndiyo maana wakubwa kwa wadogo wanamwita Kidevu Juu, naye huitika kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake.

Marehemu mume wangu alikuwa kaka yake mkubwa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na mmoja. Hakulipenda jina hilo. Mimi pia halikunikaa vizuri masikioni, kwani nilifundisha shule hiyohiyo na ninaamini kwamba jina la ukoo ni kama shuka jeupe: kulifua ni kazi, kulichafua ni dakika moja. Lakini jina la utani likishakomaa halina dawa, na kwa kweli hakuna mtu aliyewahi kulitamka kwa dharau.

Shemeji ni mjane kama mimi. Watoto wake wawili wanafanya kazi mbali na humpigia simu kila Jumapili. Anakaa vyumba viwili vya uani kwangu, ana mlango wake na ufunguo wake. Nayasema haya kwa wale wanaopenda kujua.

Studio yake ilisifika kwa jambo moja zaidi ya kidevu. Zamani zile, kabla ya kompyuta, alikuwa na brashi nyembamba kama unywele mmoja na chupa ya wino mweusi. Kwa vitu hivyo viwili aliondoa chunusi, makovu, mifuko chini ya macho. Mzee mmoja alichorewa jino la mbele, naye akarudi kupigwa picha nyingine mwaka uliofuata ili tu alipate tena. Kwetu kumtengeneza mtu kwenye picha lilikuwa tendo la adabu. Huwezi kumkabidhi mtu sura yake ikiwa na kasoro, kama vile huwezi kumrudishia jirani sahani bila kuiosha.

Simu za mkononi zilipojifunza kupiga picha, wateja walipungua mmoja mmoja kama nywele za mzee. Alifunga studio bila kinyongo, akauza taa na pazia, akanunua lenzi ndefu iliyokwisha kutumika, nene kama mguu wa meza. Baada ya hapo akahamia kwa ndege na vipepeo.

Habari za kwanza nilizipata dukani nilipokwenda kununua dawa ya presha.

"Mwalimu," muuzaji aliniambia kwa sauti ya chini, "shemeji yako nimemwona amelala kichakani, nyuma ya kituo cha maji."

"Amelala au anapiga picha?"

"Alikuwa chali? Hapana, kifudifudi. Macho yalikuwa wazi."

"Basi hajalala. Nipe na panadoli."

Nyumbani nilimweka kitako. Nilimwambia ikiwa ni lazima mtu wa miaka sitini na tisa atambae, basi atatambaa akiwa na shati safi na suruali ndefu. Nilimshonea viraka vya ngozi kwenye viwiko. Alivitazama, akavibonyeza, akasema, "Shemeji, sasa nafanana na profesa aliyeanguka." Lakini alivivaa, na bado anavivaa.

Kituo cha maji kiko mwisho wa mtaa wetu. Kuna madimbwi matatu makubwa ya kutuliza tope, nyumba ya pampu, ofisi, uzio wa nyaya, na nyuma ya uzio kuna kichaka kirefu kinachofuata bomba kuu. Huko ndiko anakokwenda. Watu wengi wanaopenda kupiga picha ndege huenda msimu wa kuzaana unapoanza, wakati manyoya yanang'aa na madume yanajigamba. Yeye huanza kutoka hasa wakati wengine wanafunga mikoba yao, mwishoni mwa msimu, ndege wakiwa wamechakaa na vipepeo wamepasuka mabawa.

Nilimuuliza kwa nini anapenda mabaki.

"Mwanzoni wote ni kama maharusi," alisema. "Wamepambwa, wanafanana, humjui huyu wala yule. Mwishoni ndipo unamjua nani ni nani. Huyu kakatika unyoya wa tatu, huyu paji limebaki wazi, huyu kipepeo kaumwa na ndege akaponea chupuchupu, ona, alama ya mdomo hii hapa."

"Na wewe unafurahi nini?"

"Nimetazama nyuso nilizozisugua mwenyewe miaka thelathini na minane, shemeji. Acha nione moja ambayo haijaguswa."

Maneno hayo niliyasikia. Ningeyasikiliza, nisingekuwa na hadithi hii ya kueleza.

Kila jioni aliniletea mezani picha za siku, akinionyesha kwenye kioo kidogo cha kamera huku chai yake ikipoa. Kulikuwa na kipepeo mkubwa wa rangi ya machungwa, bawa la nyuma limeraruka nusu, ambaye hakukubali kipepeo mwingine yeyote atue kwenye ua lake. Huyo alimwita Mwalimu Mstaafu. Nilimwambia aondoke mezani kwangu mara moja. Hakuondoka. Alisema chai bado.

Mwaka huu, wiki ile mvua zilipokatika, tangazo lilibandikwa kwenye uzio wa kituo: kichaka chote kitafyekwa Jumatatu. Hufyekwa kila mwaka msimu ukiisha, ili mafundi waweze kukagua bomba, na majirani hushangilia kwa sababu ya nyoka. Viota vya mnana vilivyoning'inia juu ya dimbwi vilikuwa vitupu, kila mtu aliviona. Lakini shemeji alijua kitu ambacho wengine hawakukijua. Katikati ya kichaka kulikuwa na jozi ya shore, wale ndege wenye vichwa vyeusi na kishungi kidogo ambao huimba kabla mtu hajafungua mlango. Walikuwa wamelea mara mbili tayari, na sasa walikuwa na makinda wa mara ya tatu. Alikadiria kwamba makinda wana siku nne. Walihitaji nyingine tisa, labda kumi, ndipo waweze kutoka.

Alivaa viraka vyake akaenda kwa meneja wa kituo. Meneja alimsikiliza, akasema, "Mzee, mafundi wangu wanasema msimu umeisha. Lete ushahidi Ijumaa saa nne. Nitamwita msimamizi wa mafundi na mwenyekiti wa mtaa. Tukiona wanalea, tutazungumza. Tusipoona, Jumatatu ni Jumatatu."

"Si upige picha kiota chenyewe, yaishe?" nilimuuliza aliporudi.

Alinitazama kama nimemwambia amfunue mzazi wodini. "Ukisogea kwenye kiota, shemeji, kunguru anakusoma. Ukiondoka tu, anakwenda yeye. Nitawapiga wazazi wakiingia na chakula. Inatosha."

Alilala kifudifudi siku mbili. Alipata picha kumi na moja: tisa za shore, na mbili za vipepeo alizoziongeza, alisema, ili kikao kisiwe kikavu. Alhamisi alitaka kubaki kichakani ahesabu ni mara ngapi kwa saa wazazi wanaleta chakula, kwa hiyo nikajitolea kuipeleka kadi ya kamera kwa mama wa duka la kuchapisha. Hakuniagiza zichapishwe jinsi zilivyo. Hakuwaza kwamba kuna mtu angefanya vinginevyo.

Mama wa duka alizifungua kwenye skrini yake kubwa, nami nikavaa miwani. Mungu wangu. Kwenye kioo kidogo cha kamera ndege yule alikuwa kidoa tu. Hapa alikuwa na ukubwa wa kuku. Paji la uso lilikuwa limekwanguka, kifua kimetoboka manyoya, na mkia umepinda kushoto kama ufagio uliosahauliwa nyuma ya mlango. Mdomoni alikuwa na kiwavi wa kijani aliyepondeka, anamwagika pande zote mbili.

Nilifikiria kikao cha kesho. Meneja yule alikuwa mwanafunzi wetu. Mwenyekiti wa mtaa ana mdomo usiolala. Watu hawa wangeitwa mezani kuonyeshwa kazi ya mtu wa ukoo wetu, na kazi yenyewe ndiyo hii.

"Unaweza kumtengeneza?" niliuliza.

"Mama, siku hizi hata gari lililopinduka linatengenezwa," alisema, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza. "Nianze wapi?"

"Mnyooshe mkia. Mjazie kifua. Na hicho kilichoko mdomoni, kitoe."

"Kiwavi?"

"Kwetu mtu hapigwi picha anatafuna."

Alikitoa. Alivitoa vyote, kwenye picha zote tisa. Alichukua bawa zima la Mwalimu Mstaafu, akalinakili, akalibandika pale palipokuwa pameraruka. Kwa muda wa saa moja na nusu alifanya kwa vidole viwili kazi ambayo shemeji angeifanya kwa wiki nzima na brashi yake. Nilitoka pale na bahasha kubwa kwapani na kadi mkobani, moyo umetulia. Nilijiona nimeitendea haki fani ya nyumba yetu.

Shemeji alirudi kichakani alfajiri ya Ijumaa, kwa hiyo tulikutana ofisini moja kwa moja. Alikuwa na majani kwenye nywele. Niliyatoa tukiwa bado mlangoni.

Ofisi ya meneja ina meza yenye kioo juu, ramani ya mabomba ukutani, na mita mbovu ya maji inayotumika kukandamizia karatasi. Msimamizi wa mafundi, mtu mnene mwenye buti za mpira, alikaa karibu na dirisha. Mwenyekiti wa mtaa, mama anayepakana na kichaka kwa ukuta wa nyuma, alikaa mbele kabisa.

"Nyoka watatu mwaka huu," alisema hata kabla ya salamu kuisha. "Mmoja bafuni. Nami nilikuwa nimeshavua nguo."

"Basi pole apewe nyoka," alisema msimamizi.

Watu walicheka. Shemeji alifungua bahasha, akatoa picha ya kwanza, akaishika. Akatoa ya pili. Niliona mikono yake ikipunguza mwendo. Akaniinulia macho mara moja tu, bila hasira, kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyezimia barabarani. Kisha akazipanga zote kumi na moja juu ya kioo, akasema, "Hawa ndio."

Meneja aliinama. "Mzee, mbona wako safi hivi? Huyu katoka saluni."

"Huyu hana mtoto," alisema msimamizi. "Mwenye mtoto namjua. Nina watano."

"Chakula kiko wapi?" meneja aliuliza. "Ulisema wanaingia na chakula."

Shemeji alinyoosha pembe ya picha moja.

"Yaani tumeacha kazi zetu tuje kutazama ndege walioshiba," alisema mwenyekiti. "Kidevu Juu, kama unatafuta pa kujilaza, kwangu kuna mkeka kibarazani. Huna haja ya kusingizia ndege."

Sasa hawakuwa wanacheka naye. Walikuwa wanamcheka.

"Mzee, nikuulize kwa heshima," alisema meneja. "Picha hizi ziko kama ulivyozipiga?"

Nilijua jibu la kweli lingefanya nini, naye alijua pia. Alijikuna kiwiko, pale penye kiraka. "Picha ni zangu," alisema. "Kama zina kasoro, kasoro ni yangu."

Meneja alishusha pumzi, akaanza kuzikusanya. "Basi, mzee wangu. Jumatatu."

Mkoba wangu ulikuwa mapajani. Ndani yake kadi ilikuwa kwenye kibahasha, ndogo kama kucha ya kidole gumba, na picha za awali zilikuwa bado humo. Ningenyamaza, ningetoka mle ndani na heshima yangu yote, naye angetoka akiwa mwongo wa mtaa na makinda wangefyekwa pamoja na kichaka. Nilikuwa nimelilinda jina la ukoo tangu niolewe, na hapo ndipo nilipoona kwamba mwenye jina hilo ameketi ubavuni mwangu na majani mengine mawili nyuma ya sikio, ananifichia aibu yangu.

Nilisimama. Nilizoea kusema nikiwa nimesimama.

"Meneja, rudisha picha hizo mezani. Nimeziharibu mimi."

"Mwalimu?"

"Nilimwamuru mama wa duka azisafishe. Ndege walikuwa wamechakaa, nikaona haya. Mkia ulikuwa umepinda, nikaunyoosha. Mdomoni mlikuwa na chakula, nikakitoa. Shemeji yangu hakujua mpaka alipofungua bahasha hiyo mbele yenu."

Kisha meneja, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye funguo za maji ya mji mzima, akaanza kucheka akiwa ameshika paji la uso.

"Mwalimu, ulinirudishia daftari mara tatu kwa sababu nilifuta! Ulisema, 'Kosa usilifute, lipige mstari, tulione.' Nina alama ya kifutio moyoni mpaka leo!"

"Nilisema hivyo," nilikubali. "Nilisema kweli. Hii hapa kadi."

"Mficha uchi hazai, mwalimu," alisema mwenyekiti wa mtaa kwa furaha kubwa. Si methali niliyopenda kusomewa ofisini mbele ya wanaume.

Meneja aliichomeka kadi kwenye kompyuta, akaigeuza skrini kwetu. Shore akatokea, na upara wake, kifua chake kilichotoboka, mkia wake, na kiwavi wake. Kila picha ilikuwa na siku na saa pembeni. Shemeji alisimama, na sauti yake ya studio ikamrudia.

"Huu mkia haukupinda kwa ugonjwa. Kiota ni kama kikombe kidogo. Akilalia makinda, mkia hauna pa kwenda, unakunjwa. Ukiona mkia umepinda hivi, jua kuna mtu chini yake. Kifua kimekwanguliwa na vijiti, kuingia na kutoka. Na hiki," akagusa kiwavi kwa kalamu, "ni cha saa moja na dakika arobaini. Hiki kingine ni cha saa moja na dakika hamsini na mbili. Angekuwa anakula mwenyewe angekimeza palepale. Anapeleka."

Msimamizi wa mafundi alikuwa ameondoka dirishani na buti zake, amesogea mpaka pua yake ikakaribia skrini.

"Huyu kachoka," alisema polepole. "Mke wangu alikuwa hivi mtoto wa tatu. Unamsalimia anakwambia 'weka hapo'."

Hakuna aliyeshinda moja kwa moja. Mwenyekiti alitaka ukanda wa ukuta wake ufyekwe Jumatatu bila kukosa, na akapewa. Ukanda wa bomba pia. Katikati, hatua thelathini kila upande, paliachwa mpaka Jumatano ya wiki iliyofuata. Meneja aliandika barua, akapiga muhuri.

Tulirudi kwa miguu.

"Ungesema tu kwamba ni mimi," nilimwambia hatimaye.

"Mbele ya yule mwenyekiti? Angeimba mtaa mzima."

"Ataimba hata hivyo."

"Ataimba. Lakini wimbo umeutunga mwenyewe, shemeji, hiyo ni tofauti." Alitembea hatua chache. "Tena uliwatengeneza vizuri. Yule wa tano alikuwa kama mgombea ubunge. Ila Mwalimu Mstaafu ulimwonea. Ulimpa mabawa mawili ya upande mmoja. Angeruka, angezunguka palepale mpaka afe."

Nilicheka hadi nikashika ukuta wa watu.

Jumatano ile nilikwenda naye kwa mara ya kwanza. Nilikataa kutambaa, nilibeba kigoda. Tulikaa nje ya uzio, mbali, naye akanipa darubini yake ndogo, akinielekeza kwa mnong'ono mpaka nikamwona mama mwenye mkia uliopinda akiingia na kutoka. Makinda wawili walikuwa wametoka jana yake. Wa tatu alikuwa bado.

Saa tatu mafundi walifika na mafyekeo mabegani. Msimamizi alituona, akatazama kichaka, akatazama barua yake ya muhuri iliyosema Jumatano bila kutaja saa. Aliwaamuru watu wake wakae kivulini wanoe mafyekeo. Walinoa. Yaliponoleka, aliwaambia hayajanoleka.

Saa tano na robo kinda wa tatu alitokeza ukingoni mwa majani, hana mkia kabisa, manyoya yamesimama kama ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Aliruka, kama kuanguka kunaweza kuitwa kuruka. Akajishika kwenye tawi la chini, akapumua, akajaribu tena, na mama yake akawa anamwita kutoka mbele, kidogo kidogo, tawi hadi tawi, mpaka wakavuka uzio na kuingia kwenye miti ya upande wa pili. Shemeji hakupiga picha hata moja. Kamera ilikuwa mapajani na mikono yake juu yake.

Msimamizi aliangalia saa. Alisubiri robo saa nyingine bila kuombwa na mtu, kisha akawaambia watu wake waanze.